Raleigh ya Babu, Mpaka Pangani

Naomba nikiri mapema, msomaji: mimi si mtu wa baiskeli. Mimi ni mtu wa daladala na, mambo yakinyooka, bajaji. Siku za kazi naamka saa kumi na moja alfajiri niwahi foleni ya Mbagala, nashinda dirishani benki nikihesabu hela za watu, jioni narudi na foleni ileile. Kwa hiyo mjomba aliponipigia simu kutoka Tanga, akaniambia wanasafisha stoo ya nyumba ya marehemu bibi pale Ngamiani, na kwamba kuna kijana wa vyuma chakavu amesimama mlangoni na mizani yake anaitaka baiskeli ya babu kwa kilo, sijui kilichonipata mpaka nikasema, "Mjomba, usiuze. Nakuja Jumamosi."

"Unakuja kuifanyia nini?"

"Kuipanda."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Sasa hapa inabidi nikupeleke ndani kwangu kidogo, maana safari yenyewe haieleweki bila hilo. Ilikuwa mwaka 2022. Mume wangu alikuwa na miezi tisa yuko nyumbani. Kampuni aliyokuwa anafanyia kazi ilifunga ofisi, wakabaki na barua na ahadi. Kodi nalipa mimi, luku mimi, ada ya mdogo wake mimi. Kwangu halikuwa tatizo. Kwake lilikuwa tatizo kila asubuhi nikibeba mkoba. Siku moja natafuta chaja kwenye droo, nikakuta daftari dogo. Mwandiko wake ule mzuri: Kodi, Machi. Kodi, Aprili. Ada. Nauli ya usaili. Mbele ya kila mstari kiasi, na chini jumla imepigiwa mistari miwili. Jamani! Mume wangu alikuwa anajiandikia deni kwangu kama anakopa sukari duka la Mangi.

Nikalirudisha palepale. Sikusema kitu, na yeye hakusema kitu, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi: kwa adabu kabisa, kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

Nilipomwambia nakwenda Tanga kuokoa baiskeli, nilitegemea agune. Akasema, "Nakuja na mimi. Si sina kazi?" Alisema kwa utani, lakini si unaujua ule utani.

Kama hujafika Tanga, nikuambie jambo moja: mji ni tambarare kama sinia. Ndiyo maana baiskeli hazijawahi kuisha pale. Dar ukiona mtu mzima juu ya baiskeli unadhani anauza mayai au maji. Tanga unamwona mzee wa kanzu na kofia ya viua anakanyaga taratibu kwenda msikitini, mama ameketi kwenye keria upande upande na kapu lake la samaki, wanafunzi watatu kwenye baiskeli moja. Ngamiani mitaa mingi inaitwa kwa namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, unaendelea mpaka unaishiwa vidole vya mikono na miguu. Huwezi kupotea hata ukitaka. Watu wanasema Tanga ni waja leo, warudi leo. Sisi tulikwenda kwa siku mbili, mume wangu akakaa wiki tano.

Baiskeli tuliikuta chini ya magunia, imeegemea kinu. Raleigh nyeusi, refu, bomba la katikati limenyooka, breki zile za fito za chuma badala ya waya, na kwenye duara la mbele la mnyororo kumekatwa vichwa vitatu vya korongo, ile alama yao. Kutu kila mahali. Tairi zimeoza. Kiti cha ngozi kimekakamaa na kupinda kama dagaa wa kuanikwa. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa na kitu ambacho baiskeli nyingi za mtaani hazina: habu nene yenye gia tatu zilizofichwa ndani, Sturmey-Archer.

Mjomba alikuwa na msimamo wake. Mali ya marehemu haigawiwi na mjukuu. Mkubwa wa familia ni mama mkubwa, yuko Pangani, magoti yanamsumbua, hasafiri. Yeye ndiye aseme. "Mkiitaka," mjomba akasema, "mpelekeeni aione." Nadhani alitaka kutukatisha tamaa. Mume wangu akauliza, "Pangani ni kilomita ngapi?" Akajibiwa hamsini hivi. Akaniangalia. Basi, ikawa hivyo.

Fundi tulielekezwa chini ya mkungu, mzee mmoja ambaye amekaa kwenye kigoda kilekile tangu mama yangu hajaolewa. Tukamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akaigeuza baiskeli miguu juu na kuanza kuigonga fremu kwa spana, bomba kwa bomba, anasikiliza kama daktari. Akapitisha kidole pale foki inapoingia kwenye shingo. Anatafuta ufa, akatuambia. Kutu ya juu haimtishi, ufa ndio unaua mtu. Kwenye bomba moja dogo la nyuma aliupata. Nikaona safari imekufa. Mzee akacheka. "Hiki ni chuma, mwanangu. Nakichomelea kwa shaba, unaondoka nacho leo. Ungeniletea zile za aluminiamu ningekurudisha kwenu."

Hiyo ndiyo siri ya watu wanaohangaika na baiskeli hizi za zamani, na si kujionyesha tu. Chuma kinakunjika kikanyooshwa, kinakatika kikaungwa, na fundi wa kijiji chochote mwenye gesi au moto wa kutosha anaijua kazi hiyo. Na tairi! Nilidhani tutaagiza Ulaya. Kumbe saizi ya gurudumu lake, 28 kwa inchi 1½, ndiyo ileile ya Phoenix za Kichina na za Kihindi ambazo zimejaa nchi nzima. Tairi mbili na tyubu mbili tulizipata sokoni kabla ya saa sita mchana.

Jumapili nikarudi Dar, kazini. Mwenzangu akabaki kumsaidia mzee. Na hapo, msomaji, ndipo simu zikaanza.

Alikuwa ananipigia kila usiku. Miezi tisa mtu ananijibu "poa" na "sijui", sasa anazungumza nusu saa kuhusu kotapini. Kama hujui, kotapini ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika krenki ya pedali kwenye mhimili wake. Za babu zilikuwa zimeng'ang'ania tangu Mwalimu yuko Ikulu. Wakazilowesha dizeli siku mbili. Halafu mzee akasimamisha kipande cha bomba chini ya krenki liwe nguzo, akapiga nyundo moja tu. "Moja tu, mke wangu! Ukipiga ndogondogo unaipinda." Kesho yake gololi: wamezitoa zote, wamezihesabu kwenye kifuniko cha kopo, wameosha kwa mafuta ya taa, vikombe vyake bado vizima, na ashukuriwe Mungu, kwa sababu hesi za Raleigh hizo ni 26 kwa inchi na vikombe vya kawaida vya 24 haviingii hata ukivibembeleza. Siku nyingine rimu: kromu imesafishwa kwa karatasi ya foili na maji, kutu inatoka inabaki inang'aa, isipokuwa pale ilipokula mpaka ndani.

Kisha usiku mmoja akaniuliza, "Babu yako aliinunua lini hii baiskeli?"

Hilo kwetu halina mjadala. Babu alikuwa karani wa mkonge, na aliinunua siku ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 alikuja nayo nyumbani imefungwa kibendera kwenye usukani, mtaa mzima ukamshangilia. Hadithi hiyo nimeisikia kila sikukuu ya maisha yangu.

"Haiwezekani," akasema. "Habu ina muhuri. Wale walikuwa wanagonga mwaka na mwezi. Imeandikwa 62, halafu 4. Aprili 1962. Uhuru ulishapita miezi minne, na hapo bado iko kiwandani Nottingham."

"Labda habu ilibadilishwa."

"Labda," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Nottingham yenyewe haitengenezi tena. Raleigh walianza pale miaka ya 1880, wakachukua jina la mtaa waliokuwepo. Kiwanda kikafungwa mwaka 2002. Gia zao ziliuzwa kwa Wataiwan mwaka 2000, na habu za gia tatu zinatengenezwa mpaka leo kwa jina lilelile. Kwa hiyo vipuri havijafa. Rafiki yangu anayesoma Leeds alinitumia jino la nyuma, yaani kile kigurudumu kinachovutwa na mnyororo, lenye meno 22 badala ya yale 18 ya babu. Ndiyo badiliko pekee la maana tulilofanya, na kama unataka kusafiri na mzigo, lifanye kabla ya kununua kingine chochote. Gia zote tatu zinashuka, mlima unakuwa mwepesi, na kwenye tambarare unapoteza mwendo ambao hata hivyo huna.

Tuligombana kuhusu rangi. Yeye alitaka nyekundu, mpya, inayometa. Mimi nilitaka iachwe ilivyo, ile nyeusi iliyochubuka pale babu alipokuwa akifunga mfuko wake. Nimeona Dar watu wananunua baiskeli kama hizi, wanazipaka dhahabu na kuziweka mgahawani zibebe maua. Inaniuma. Mwisho tukakubaliana: rangi isiguswe, isafishwe na kupakwa nta, na mimi nikakubali kiti kipya cha springi, kwa sababu mapenzi kwa babu yana mipaka na mipaka yenyewe ni kiti. Fundi cherehani wa Barabara ya Nane akatushonea mikoba miwili ya turubai ya kuning'iniza kwenye keria. Mbele tukafunga kikapu cha ukindu. Taa za kuchaji. Kengele ni ileile ya babu.

Tukaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mimi kwenye Raleigh, nimevaa suruali na dera nimelikunja juu ya magoti, yeye kwenye Phoenix ya kuazima ya mwendo mmoja. Ngamiani yote ilitoka kutazama. "Mke ana gia, mume hana!" kijana mmoja wa kahawa akapiga kelele, watu wakaangua kicheko. Nilimwona mwenzangu anacheka pia, lakini kwa mdomo.

Baiskeli nzito ya zamani ina tabia yake. Haikimbii. Ukishaipa mwendo inaushika yenyewe, imenyooka, wewe umekaa wima kama bi harusi unatazama mashamba. Habu inalia tik, tik, tik. Mwendo wa kilomita 12 kwa saa unaona mambo: unamwona mtoto anayekwepa kuchota maji, unasikia harufu ya nazi ikikunwa. Wakati ule ujenzi wa lami ulikuwa unaendelea, kwa hiyo kuna vipande vya kuteleza na vipande vya vumbi jekundu ambalo malori yanakupaka bure.

Tongoni tulipumzika. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, pembeni ya mikoko, na asubuhi ile tulikuwa peke yetu. Mwaka 1499, kwenye pwani hii hii, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote. Mume wangu alisoma hayo kwenye simu, akala yai lake la kuchemsha, akasema, "Afadhali angemwachia mjomba wako auze kwa kilo." Hapo tulicheka wote wawili, vizuri.

Karibu na Kigombe, katikati ya mkonge, pedali yangu ya kushoto ikaanza kugonga. Kila mzunguko, gonga. Kotapini imelegea. Mwenzangu akapiga magoti, akatazama, akaguna: aliichonga sana kwa tupa siku ya mwisho, kwa haraka, kwa kuwa mimi nilikuwa nampigia simu anakamilisha lini. Nikamwambia basi ni kosa langu. Akasema hapana, ni langu, nitanunua nyingine, nitalipa mimi.

Sijui ni jua au ni nini. Nikasema, "Utalipa, au utaandika kwenye daftari?"

Ukimya wa mkonge ni mkubwa. Mistari imenyooka mpaka unapochoka kutazama. Akaendelea kupiga magoti pale, spana mkononi. Baadaye akauliza, "Umelijua tangu lini?" Nikamwambia tangu Agosti. Akasema, "Mbona hukusema?" Nikamuuliza na yeye mbona hakusema. Tukasukuma baiskeli kwa miguu mpaka Kigombe, kilomita mbili na kitu, mimi kulia kwa barabara, yeye kushoto.

Fundi wa Kigombe alikuwa kijana, anaziba pancha huku samaki wa watu wakipimwa nyuma yake. Akaitoa kotapini, akainyoosha uso wake kwa tupa taratibu, akaigonga, akakaza nati. Akampa somo mume wangu bila kujua alichokatiza: "Kaka, ikiwa mpya hii inakaa upya. Ukienda kilomita chache simama uikaze tena. Mkiacha inajila yenyewe." Bei shilingi elfu moja. Nilikuwa na noti mkononi. Mwenzangu akawahi na ya kwake.

Pangani tuliingia saa tisa, miguu inatetemeka. Ni mji mdogo unaosinzia kando ya mto, boma la zamani, milango ya kuchonga, pantoni ya kwenda Bweni. Hapa ndipo Wajerumani walimnyonga Abushiri, tarehe 15 Desemba 1889. Na ng'ambo, Kikogwe, ndipo ilipopandwa miche 62 ya mkonge iliyosalimika njiani mwaka 1893, iliyozaa mashamba yote tuliyopita na kazi ya babu pia.

Mama mkubwa alikuwa barazani. Nilishika miguu yake, akanibariki, lakini macho yalikuwa yamenipita. Akaomba isogezwe. Akagusa kengele, akaipiga mara moja. Akalia kidogo, bila fujo.

Usiku, tumeshakula wali na samaki wa nazi, mume wangu akamweleza kwa heshima habari ya muhuri: Aprili 1962, na siku ya Uhuru. Nilitaka kumfinya. Mama mkubwa akacheka mpaka akashika kifua.

"Uhuru gani! Nilikuwa naanza darasa la kwanza, mwaka 1963. Baba yenu alikuwa ameachishwa kazi shambani, amekaa nyumbani karibu mwaka. Mama alikuwa anapika maandazi, anacheza upatu na wanawake wa Barabara ya Tisa. Zamu yake ilipofika akachukua hela yote, akaenda kwa Mhindi, akanunua baiskeli, akampa mumewe. Akamwambia nenda ukatafute kazi mbali, hapa karibu zimeisha. Akapata shamba la kule Muheza. Ile ya bendera aliitunga baadaye huko. Mama alikuwa anaisikia, anatazama pembeni anakuna nazi."

"Hakuwahi kumsahihisha?" nikauliza.

"Amsahihishe ili iweje? Na yeye si ndiye alikuwa anabebwa kwenye keria kila Ijumaa."

Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Alimlipa?"

Mama mkubwa akamtazama kama mtu aliyeuliza bei ya maji ya mvua. Akasema tulale, kesho tuna safari. Baiskeli akasema ni yangu, ila nisiibadilishe kengele.

Kurudi tulipakia baiskeli juu ya basi, sioni haya kusema. Siku hizi iko Mbagala. Ya mjini naitumia kwenda sokoni na kwa fundi nguo. Barabara kuu siigusi, na mvua ikinyesha siipandi kabisa, kwa sababu breki za fito kwenye rimu ya chuma iliyolowa ni ahadi tu. Gia lazima uirekebishe kile kiminyororo chake vizuri, la sivyo kati ya ya pili na ya tatu kuna mahali miguu inakanyaga hewa. Ukiwa umesimama juu ya pedali ndipo utajua. Mafuta mepesi matone machache kwenye habu kila mwezi.

Mwenzangu alipata kazi mwaka uliofuata, si kubwa. Kabla ya hapo alinunua Phoenix kuukuu kwa muuza mkaa, na hela ya rimu nilitoa mimi. Juzi tena nilikuwa natafuta chaja. Daftari bado lipo kwenye droo. Nikaligeuza: ameanza kuandika kutoka nyuma. Tairi 2. Spoki 9. Grisi. Kotapini, kaza baada ya Kongowe. Kurasa za mbele hajazichana, na jumla yake ipo palepale na mistari yake miwili. Tangu Septemba ile haijaongezwa kitu.